Mfumo wa jua na galaksi: kipi kiko ndani ya kipi?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkulima wa mtama na zabibu huku Mvumi, wilayani Chamwino. Binti yangu yuko darasa la sita. Juzi amerudi na daftari lina alama ya kosa kwa sababu ameandika kuwa Zuhura ni nyota. Mimi ndiye niliyemwambia, maana tangu utoto wangu tunaiita nyota ya asubuhi. Mwalimu wake amesema ni sayari, halafu akasema Jua letu ndilo nyota. Hapo nikachanganyikiwa. Mimi nilijua sayari na nyota zote zimo kwenye mfumo wa jua, nyingine karibu, nyingine mbali, na galaksi ni kundi la nyota lililo mbali sana, lisiloonekana bila mtambo. Mtoto ameniuliza: galaksi iko ndani ya mfumo wa jua, au mfumo wa jua uko ndani ya galaksi? Nimekosa jibu. Naomba unieleze taratibu, kipi kiko ndani ya kipi na kinashikiliwa na nini. Tena kuna kijana mjini anauza darubini kwa laki tatu na nusu, anasema inakuza mara 525. Nimnunulie mtoto?"*

Marahaba, ndugu yangu, na salamu kwa binti. Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona kinachokuuma zaidi ni kwamba mtoto alikosa kwa neno lililotoka kinywani mwa baba yake. Basi tuanzie hapo. Mwalimu wa shule yuko sahihi: Zuhura ni sayari, na Jua ni nyota. Jibu la swali la binti ni kwamba mfumo wa jua uko ndani ya galaksi, tena galaksi hiyo haiko mbali hata kidogo. Wewe, nyumba yako na mizabibu yako mmo ndani yake muda huu unaposoma. Ila hukumdanganya mtoto. Ulimpa neno la wazee, na neno hilo lina historia yake.

Zamani kila kilichong'aa usiku, ukiacha Mwezi, kiliitwa nyota. Waliokesha wakitazama, mabaharia na wachungaji, waligundua kuwa nyota karibu zote hazibadilishi mpangilio. Kilimia cha babu yako ndicho hicho hicho unachokiona wewe, na Msalaba wa Kusini haujapinda. Lakini tano kati ya zile zinazong'aa hazitulii. Wiki hii ziko karibu na nyota fulani, mwezi ujao zimesogea. Hizo ndizo Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina yake yametufikia kwa Kiarabu, na hata neno sayari limetoka huko, maana yake ya asili ni kitu kinachokwenda, kisichokaa mahali. Kwa hiyo hata waliokuwa na macho tu, bila kioo chochote, waliona kuwa hizi ni za namna nyingine.

Binti anaweza kulithibitisha mwenyewe kwa Zuhura. Kuna miezi inaonekana alfajiri upande wa mashariki, kuna miezi inaonekana jioni magharibi, na ni ile ile moja. Mwambie aitafute saa sita ya usiku. Huko Mvumi hataiona saa hiyo, mwezi wowote ule. Zuhura inalizunguka Jua kwa ndani ya njia ya Dunia, kwa hiyo kwetu haiachani mbali na Jua. Ikitangulia sana, inachomoza saa tatu hivi kabla ya Jua. Ikichelewa sana, inatua saa tatu hivi baada yake. Ni kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti: anakula huku na huku, lakini kamba haimruhusu kufika kwa jirani.

Sasa, nyota na sayari zinatofautiana wapi hasa? Watu wengi hudhani ni ukubwa tu au umbali tu. Tofauti iko katikati, ndani ya kiini. Nyota ni gesi nyingi mno, zaidi haidrojeni, iliyojikusanya mpaka uzito wake wenyewe ukaikandamiza. Katikati ya Jua joto hufika nyuzi milioni 15 za Selsiasi. Kwa joto na mgandamizo huo, viini vya haidrojeni hugongana na kuungana kuwa gesi nyingine iitwayo heliamu, na katika kuungana huko sehemu ndogo ya maada inageuka kuwa nishati. Hakuna kuni wala mkaa unaoungua pale, wala hewa haihitajiki. Kila sekunde Jua linapoteza kiasi cha tani milioni 4 za maada kwa njia hiyo, na ndizo zinazokufikia kama mwanga na joto la kukausha mtama wako. Limefanya hivyo kwa miaka bilioni 4.6, na bado lina akiba ya kama miaka bilioni 5.

Sayari haina uzito wa kutosha kuwasha moto wa namna hiyo. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko sayari zote za Jua letu, ina uzito wa Dunia 318, na bado ingetakiwa iwe nzito mara 80 hivi ya ilivyo ndipo iwe nyota. Kwa hiyo Zuhura unayoiona ikimeta haina mwanga wake. Inaakisi wa Jua, kama bati la nyumba mpya linavyong'aa mchana. Ukiwa na chombo cha kukuza utaona hata inakuwa hilali kama Mwezi.

Kuhusu kinachoshikilia. Najua huko kwenu ndege wakianza kushambulia mtama, vijana hulinda shamba na kombeo. Mwangalie kijana anapolizungusha. Jiwe lenyewe linataka kwenda moja kwa moja. Kamba ndiyo inayolivuta kuelekea mkononi kila nukta, na njia yake inakuwa duara. Akiachia, jiwe halizunguki tena, linakwenda zake. Dunia ni jiwe, Jua ni mkono, na kamba isiyoonekana ni mvutano. Mfano huu una kasoro moja nisiyotaka ikupotoshe: kijana anachoka kuzungusha, na hewa inalipunguza kasi jiwe. Huko juu hakuna anayesukuma. Dunia ilizaliwa ikiwa na mwendo wake, na kwa kuwa hakuna hewa ya kuizuia, mwendo haujaisha. Sasa hivi unakwenda nayo kilomita 30 kwa sekunde.

Katika uzito wote wa mfumo wa jua, Jua peke yake lina asilimia 99.8. Sayari zote nane, miezi yake, vimondo na vumbi ni hayo makombo yaliyobaki. Ndiyo maana tunasema mfumo *wa jua*. Ni nyumba ya nyota moja, na hapa ndipo ulipoteleza. Ndani ya nyumba hii hakuna nyota nyingine. Hakuna nyota kati yetu na Mirihi, wala kati ya Mshtarii na Zohali. Nyota zote unazoziona usiku ni majua ya watu wengine, tuseme hivyo, na baadhi yake tumeshajua kuwa zina sayari zake. Sayari ya kwanza kuthibitishwa kuzunguka nyota inayofanana na Jua ilitangazwa mwaka 1995, na tangu hapo zimepatikana maelfu.

Umbali ndio unaowachanganya wengi, na hapa naomba ufanye kitu na binti, msiishie kusoma. Chukueni balungi lenye upana wa sentimita 14. Hilo ni Jua. Kwa kipimo hicho sentimita 1 ni kilomita laki moja. Liwekeni mlangoni, kisha hesabuni mita 15 na muweke punje moja ya ulezi. Hiyo ni Dunia. Mwezi ni chembe ya mchanga, sentimita 4 kasoro kutoka kwenye punje. Mshtarii ni zabibu moja, mita 78 kutoka mlangoni. Zohali ni zabibu ndogo zaidi, mita 143. Sayari ya mwisho, Neptuni, ni punje ya mtama, na mtaitembea mita 450 kuifikia. Simameni hapo mgeuke mlitazame balungi. Niliwahi kufanya hivi na wanafunzi, na palepale kwenye mtama wa mwisho ndipo darasa lilipokaa kimya, maana balungi lenyewe halikuonekana tena.

Sasa muulize binti: nyota ya jirani iko wapi kwa kipimo hicho hicho? Atasema Dodoma mjini, pengine Morogoro. Iko Cairo, Misri. Kilomita 4,000 kutoka mlangoni kwenu mpaka kwenye gololi yenye upana wa sentimita 2, na katikati hakuna kitu ila vumbi jembamba na giza. Nyota hiyo inaitwa Proxima Kentauri. Mwanga, ambao ndio wenye kasi kuliko vyote, kwenye kipimo chetu unakwenda sentimita 3 kwa sekunde, mwendo wa sisimizi. Sisimizi huyo anatoka kwenye balungi mpaka kwenye ulezi kwa dakika 8 na sekunde 20. Kufika Cairo atatembea miaka 4 na robo bila kupumzika. Ndiyo maana ya mwaka wa nuru: ni njia ambayo mwanga hukata kwa mwaka mmoja, kilomita trilioni 9.5 hivi, wala si kipimo cha muda.

Hapo unaweza kuuliza kama galaksi ni mfumo wa jua ulioongezwa ukubwa tu. Sivyo. Tuubadilishe mkanda wa kupimia. Ule mfumo wote mlioutembea, mpaka njia ya Neptuni ya upande huu na wa pili, ufinyeni uwe kifungo cha shati chenye upana wa sentimita 1. Jua halionekani tena, limekuwa dogo kuliko vumbi. Kifungo cha jirani kiko mita 45 kutoka hapo. Na galaksi yetu nzima, Njia Nyeupe, inaanzia Kigoma inaishia Dar es Salaam: miaka ya nuru 100,000. Kitovu chake kinaangukia Itigi. Kifungo chetu kiko Gairo, kilomita kama 270 kutoka Itigi, si katikati wala ukingoni. Kati ya Kigoma na Dar kumetapakaa nyota zisizopungua bilioni 100.

Ukikaa hapo Gairo na macho yako mawili, nyota nyingi unazoziona ziko ndani ya kilomita 10 tu za kukuzunguka. Kilimia kiko kilomita 4 na nusu, safari fupi ya bodaboda. Kwa hiyo ile anga unayoiona imejaa ni kitongoji chetu tu.

Na kwa kuwa nimekitaja Kilimia, niseme kidogo, kwa sababu wengi hudhani ndiyo galaksi. Wazee walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kwetu Dodoma mwezi wa kumi na moja kinapochomoza mashariki jioni, mkulima anajua shamba liwe tayari. Kama kalenda ni nzuri sana, ingawa mvua yenyewe hakiileti. Kwa asili yake ni kundi la nyota zaidi ya elfu moja zilizozaliwa pamoja kutoka wingu moja la gesi na vumbi, kama miaka milioni 100 iliyopita. Ziko ndani ya galaksi yetu. Jua letu nalo lilizaliwa hivyo hivyo. Wingu lilijikunja kwa uzito wake, sehemu kubwa ikawa Jua, na vumbi na gesi zilizobaki zikizunguka zikagandana kuwa sayari. Kwa hiyo sayari ni mabaki ya kuzaliwa kwa nyota, na nyota ni zao la mawingu yaliyomo ndani ya galaksi. Ukoo wao ndio huo.

Ulisema galaksi haionekani bila mtambo. Mwezi wa saba au wa nane, usiku usio na Mwezi, toka nje saa tatu uangalie juu ya paa. Ule mkanda mweupe unaopita karibu utosini, kupitia kwenye kundi la nyota liitwalo Nge, ndiyo galaksi yako unayoitazama ukiwa ndani. Galaksi yetu ni bapa kama chapati. Sisi tumo ndani ya unga wa chapati hiyo. Ukitazama kuelekea ubapa wake, macho yanapita kwenye nyota nyingi mno mpaka zinachanganyika kuwa ukungu. Ukitazama kuelekea uso wake wa juu au wa chini, unatoka haraka, nyota ni chache. Zile sehemu nyeusi ndani ya mkanda ni mawingu ya vumbi yanayoziba, na ndimo nyota mpya zinamozaliwa. Watu wa mijini wananyimwa kuuona kwa sababu ya taa. Mvumi mnao bure.

Nani basi anazishikilia nyota zote hizo? Hapa usiuchukue mfano wa kombeo. Ni kweli Itigi yetu ina shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, lenye uzito wa majua milioni 4, lakini hiyo ni kitu kidogo mbele ya mabilioni. Galaksi haina mfalme. Kila nyota inavutwa na jumla ya nyota zote, gesi yote, na kitu kingine kisichotoa mwanga tunachokiita maada ya giza. Mwaka 1970 wanasayansi wa Marekani Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi jirani ya Andromeda vilivyoonyesha kuwa kasi ya kuzunguka haishuki kwenye sehemu zake za pembeni, na nyota zinazoonekana hazina uzito wa kutosha kushikilia mwendo huo. Maada hiyo ni kitu gani, bado sayansi inatafuta. Jua letu linaizunguka galaksi mara moja kwa kama miaka milioni 230, likituchukua sote.

Nje ya Njia Nyeupe kuna galaksi nyingine, na tatu unaweza kuziona kwa macho ukiwa Mvumi. Mbili ni Mawingu ya Magellan, mabaka mawili kama moshi upande wa kusini, jioni za Desemba na Januari mvua ikitulia. Ya tatu ni Andromeda, upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na moja. Kwenye kipimo cha Kigoma na Dar, Andromeda ingekuwa kilomita 26,000, zaidi ya nusu ya mzunguko wa Dunia. Mwanga wake uliondoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita.

Lile baka dogo la Magellan lina kisa ninachokipenda, na binti ajue. Huko Marekani, Chuo cha Harvard, mwanamke aitwaye Henrietta Leavitt alipewa kazi ya kupima mng'ao wa nyota kwenye picha za vioo zilizopigwa Peru. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota za Wingu Dogo la Magellan, kwamba kuna nyota zinazofifia na kung'aa kwa mpigo, na kadiri mpigo ulivyo mrefu ndivyo nyota ilivyo na mwanga mkali kiasili. Ukijua mwanga wa asili, na ukaona ulivyofifia machoni, umepata umbali. Nyumbani kwake wingu hilo halichomozi kamwe. Binti yako anaweza kuliona kutoka uani. Mmarekani mwenzake, mtaalamu wa nyota Edwin Hubble, alitumia kanuni hiyo mwaka 1923 alipopata nyota ya mpigo ndani ya Andromeda, na ikathibitika kuwa iko nje kabisa ya galaksi yetu. Miaka mitatu kabla ya hapo, wanajimu wakubwa walikuwa bado wanabishana hadharani kama kuna galaksi nyingine. Swali lililokushinda wewe limewahi kuwashinda wao.

Sasa ile darubini. Ushauri wangu ni kwamba usinunue. Maneno "mara 525" hayana maana kwenye chombo kidogo. Kinachotawala ni upana wa kioo cha mbele, na kwa kawaida kila milimita ya upana inakupa ukuzaji wa mara 2 tu unaofaa. Kioo cha milimita 60 kinaishia mara 120. Ukizidisha unapata ukungu mkubwa. Tatizo jingine ni miguu. Ikiyumba, Zohali inaruka nje ya kioo kabla mtoto hajaweka jicho, na akikata tamaa usiku wa kwanza huwezi kumrudisha. Bora darubini ya macho mawili, iliyoandikwa 7x50 au 10x50 (yaani inakuza mara 7 au 10, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 50), hata iliyotumika. Jaribu dukani kwa kutazama bango la mbali; ukiona picha mbili badala ya moja, iache. Kwa darubini hiyo ya macho mawili ataona mashimo ya Mwezi, Kilimia kikiwa na nyota nyingi, Andromeda, na ile miezi minne ya Mshtarii ambayo mwanasayansi wa Italia, Galileo, aliiona Januari 1610, ikihama kila usiku. Kitakachomkosa ni pete za Zohali, maana hizo zinataka ukuzaji wa mara 25 au 30. Akikaa mwaka mzima bado anakesha nje, hapo mtafute darubini yenye kioo cha milimita 70 au zaidi na miguu isiyotikisika, na kabla ya kulipa uende nayo kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari ya karibu, au Chuo Kikuu cha Dodoma, mwenye kuielewa aijaribu mbele yako.

Jambo moja naomba lisiwe na mjadala nyumbani: chombo chochote cha kukuza kisielekezwe kwenye Jua, na kisiachwe mezani mchana watoto wakacheza nacho. Nuru ya Jua kupitia vioo hivyo inaunguza nyuma ya jicho kwa muda mfupi mno, na hapo nyuma hakuna maumivu, kwa hiyo mtoto hatalia. Dalili huja baada ya saa kadhaa: doa jeusi katikati ya kila anachotazama, au mstari ulionyooka kuonekana umepinda. Ukiona hivyo usisubiri wala usiweke dawa ya kienyeji, mpeleke kwa daktari wa macho hospitali ya rufaa ya mkoa siku hiyo hiyo. Kwa kuwa tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa, na kwetu litafunikwa sehemu tu, hili mliweke akilini mapema.

Lile zoezi la balungi mlifanye Jumamosi. Ulezi na mtama mnao nyumbani, zabibu ziko shambani. Ukisahau namba, ziko hivi kwa mita kutoka mlangoni: Dunia 15, Mshtarii 78, Zohali 143, Neptuni 450. Kama kuna mtu wa ukoo aliyeko Cairo, mpigieni simu mkiwa kwenye ule mtama wa mwisho.